Siku ya Ngapi?

Wodi ya upandikizaji uboho ina kalenda yake. Siku ambayo mgonjwa anawekewa seli shina za mtu mwingine, mfadhili wake, huitwa siku ya sifuri. Zilizotangulia, za dawa kali au mionzi ya kuufyeka uboho wa zamani, huhesabiwa kinyumenyume: hasi 7, hasi 6, hasi 5. Zinazofuata huenda mbele, 1, 2, 3, mpaka 100 na kupita. Muuguzi anapokabidhi zamu hasemi kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ana wiki tatu hapa. Anasema yuko siku ya 21, na daktari anayeisikia namba hiyo ameshaanza kufikiri.

Tendo lenyewe halina makeke. Hakuna kisu wala chumba cha upasuaji. Ni mfuko mdogo wenye rangi ya damu iliyopauka, unaning'inizwa kwenye nguzo na kushuka polepole kwenye mshipa. Kama seli zilikuwa zimehifadhiwa kwa kugandishwa, chumba kizima hunuka. Wengine husema ni kitunguu saumu, wengine mahindi ya kopo. Ni harufu ya DMSO, kemikali inayozilinda seli zisipasuke kwa baridi, na mgonjwa huitoa kwa pumzi kwa siku moja au mbili. Wakati huo damu na kinga aliyozaliwa nayo imekwisha, na ile ya mfadhili bado haijaota. Kuota kwake huchukua wiki mbili hadi nne. Kukomaa kwa kinga hiyo mpya huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka.

Mmarekani E. Donnall Thomas alichapisha mwaka 1957 taarifa ya wagonjwa 6 aliowatia uboho wa watu wengine. Wote walikufa. Hakuacha. Alihamia Seattle, akafanya kazi hiyo kwa miongo, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo tiba hii inawaponya watu wenye saratani ya damu, watoto wenye selimundu, na wale ambao uboho wao umekataa kutengeneza damu. Lakini kuna jambo moja linalowahangaisha hata waliobobea: mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anapoanza kubadilika kichwani. Anasinzia kuliko jana, anaona vibaya, mkono unatetemeka, anarudia swali, anapatwa na degedege. Ni nini? Orodha ya majibu ni ndefu, na majibu mengine yanahitaji tiba zinazopingana.

Ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawapatazamii. Shingo ngumu, homa kali, usaha kwenye maji ya uti wa mgongo, uvimbe unaong'aa kwenye picha baada ya kuchomwa dawa ya rangi: tumezoea kuviita dalili za ugonjwa, lakini sehemu kubwa ya hivyo ni kazi ya kinga ya mwili inapopambana. Seli nyeupe ndizo zinazochangia sana kuleta homa, ndizo zinazojaa kwenye maji ya uti wa mgongo na kuyatia ukungu. Kwa mgonjwa ambaye hana seli hizo, adui anaweza kuingia kwenye ubongo na kukaa, na maji yakatoka maangavu kabisa. Ni kama mtaa ambao polisi wote wameondolewa: kitabu cha malalamiko kituoni ni kitupu, na wezi wanatembea mchana.

Kwa hiyo kipimo kilichotoka safi, ambacho kwa mgonjwa mwingine kingemtuliza daktari, hapa kina thamani ndogo. Kinachobaki mkononi ni vitu vitatu vya kale sana: tarehe, karatasi ya dawa, na maneno ya ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Kwa maoni yangu, ugunduzi mwingi wa matatizo haya hupatikana au hupotezwa hapo, kabla mgonjwa hajasukumwa kwenda kwenye mashine yoyote.

Tuanze na ndugu. Tuseme mgonjwa ni fundi seremala wa miaka 46, yuko siku ya 24, seli zimeanza kuota na kila mtu ana furaha. Mkewe amekuja na uji. Wanaongea habari za nyumbani, anamweleza kwamba dada wa mgonjwa amejifungua salama, naye anafurahi. Baada ya muda mfupi anauliza, "Mama Rehema, umekuja saa ngapi?" Anajibiwa. Anauliza tena, kwa sauti ileile. Mama Rehema anamfuata daktari kwenye korido. "Samahani, daktari. Baba Rehema leo hayuko sawa. Nimemwambia mara tatu kwamba dada yake amejifungua, na kila mara anafurahi upya."

Majibu mepesi yapo tele. Hajalala vizuri, amepewa mofini, amechoka na wodi. Lakini mgonjwa huyu anajua jina lake, anajua bei ya mbao, anakumbuka harusi yake. Kinachomtoroka ni kitu kipya tu. Kumbukumbu ya namna hiyo inashikwa na sehemu ndogo iliyo upande wa ndani wa ubongo wa pembeni, usawa wa masikio, na kuna kirusi kinachopenda sehemu hiyo hasa katika wiki ya pili hadi ya sita baada ya upandikizaji. Ni herpesi ya binadamu namba 6, HHV-6. Kiligunduliwa Marekani mwaka 1986. Karibu sisi sote tulikipata kabla ya kutimiza miaka miwili, kikatupa homa ya siku chache pamoja na vipele, kisha kikajificha mwilini maisha yote. Kinga ikifyekwa, kinaamka. Waliopandikizwa seli kutoka kwenye damu ya kitovu wako hatarini zaidi kuliko wengine.

Sasa daktari anayejua siku ya 24 ina maana gani hutazama kiwango cha chumvi ya sodiamu kwenye damu, ambacho mara nyingi huwa kimeshuka bila sababu ya wazi. Huomba picha ya MRI, akijua kwamba siku za mwanzo inaweza kutoka bila kasoro. Huomba kipimo cha umeme wa ubongo, maana degedege linaweza kuwa linaendelea kimyakimya huku mgonjwa amekaa tu anatazama ukuta. Na huomba maji ya uti wa mgongo yapimwe kwa PCR, yaani yatafutwe vinasaba vya kirusi chenyewe, badala ya kuhesabu seli nyeupe ambazo bado ni chache.

Kuyatoa maji hayo nako kuna mlima wake. Mtu mwenye afya ana chembe sahani, zile zinazoziba mishipa isivuje, kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Aliyepandikizwa majuzi anaweza kuwa na 12,000. Ukimdunga sindano mgongoni katika hali hiyo, damu inaweza kumwagika na kuubana uti wa mgongo. Hospitali nyingi hutaka zifike 40,000 au 50,000 kwanza, kwa hiyo mgonjwa huongezewa chembe sahani asubuhi, hupimwa tena, na mwenye sindano husimama tayari ili asiukose muda mfupi zinapokuwa juu. Tiba haisubiri majibu. Dawa zilizopo ni foskaneti, ambayo huumiza figo, na gansikloviri, ambayo huunyong'onyeza uboho uleule unaochipua. Daktari anachagua kati ya hasara mbili, na anachagua leo.

Hapa kuna mtego unaofaa kutajwa. Takriban mtu mmoja katika kila 100 alizaliwa na vinasaba vya HHV-6 vikiwa vimejishona ndani ya vinasaba vyake mwenyewe, amevirithi kwa baba au mama, navyo viko katika kila seli yake bila kumuuguza. Akiwa mfadhili, kila seli nyeupe inayoota kwa mgonjwa huja na nakala ya kirusi. PCR ya damu itapanda wiki hadi wiki na kutisha watu, wakati hakuna maambukizi yoyote. Njia ya kuutegua mtego ni kumpima mfadhili, na kupima vinyweleo vya mgonjwa, ambavyo havibadiliki kuwa vya mfadhili.

Karatasi ya dawa ni shahidi wa pili. Ili seli za mfadhili zisimshambulie mwenyeji wao, mgonjwa hupewa siklosporini au takrolimasi kwa miezi. Dawa hizi hutetemesha vidole, hupandisha shinikizo la damu, hufukuza magnesiamu kupitia mkojo, na kwa baadhi ya watu huivujisha mishipa midogo ya ubongo. Mgonjwa anaumwa kichwa tangu asubuhi, presha iko juu, mchana anasema haoni vizuri upande mmoja, jioni anaanguka kwa degedege. Ukimpiga MRI unaona maji yamejaa sehemu ya nyuma ya ubongo, pande zote mbili, hasa kisogoni ambako yanayoonwa na macho hutafsiriwa.

Madaktari wa Boston waliieleza hali hii mwaka 1996 kwa kukusanya wagonjwa 15. Kinachovutia ni nani walikuwa humo. 7 walikuwa wakitumia dawa za kushusha kinga, na 3 walikuwa akina mama wenye kifafa cha mimba. Mkunga wa wilayani ambaye hajawahi kuiona wodi ya uboho anaufahamu mwendo huu vizuri: presha, kichwa, macho, degedege. Tiba nayo inafanana kwa sehemu, kushusha shinikizo la damu na kurudisha magnesiamu, halafu dawa iliyosababisha hupunguzwa au kubadilishwa. Wengi hurudi kama walivyokuwa. Kosa ambalo wenye haraka hulifanya ni kusema kiwango cha takrolimasi kwenye damu kiko sawa, kwa hiyo si yenyewe. Inaweza kuwa yenyewe hata kiwango kikiwa sawa.

Dawa nyingine kwenye karatasi hiyo haitiliwi shaka kabisa kwa sababu ni ya kawaida mno. Mgonjwa asiye na seli nyeupe akipata homa hupewa antibiotiki yenye nguvu bila kuchelewa, na katika hospitali nyingi ni sefepimu. Sefepimu hutoka kwa figo. Takrolimasi inazichosha figo. Siku ya tatu au ya nne dawa imelundikana: mgonjwa anabwabwaja, mikono inashtukashtuka yenyewe, hajui yuko wapi. Picha ya CT haioneshi kitu. Wenye wodi wanaanza kutafuta kirusi adimu, kumbe jibu limeandikwa kwenye karatasi kwa kalamu ya bluu, gramu mbili kila saa nane, kipimo kilichowekwa kabla figo hazijalegea. Dawa ikisimamishwa, kwa kawaida akili hurudi ndani ya siku chache. Nawaambia wauguzi wachanga wasome karatasi kutoka juu hadi chini kabla ya kumpigia simu daktari wa neva.

Karatasi hiyohiyo huonesha pia kilichokosekana. Mgonjwa ambaye kinywa kimejaa vidonda na amelishwa kwa mshipa wiki kadhaa anaweza kuishiwa vitamini B1, akachanganyikiwa, akayumba, macho yakacheza. Sindano ya thiamini ni rahisi na haina madhara makubwa, basi hupigwa kwanza, maswali yakafuata. Au utakuta septrini ilisimamishwa siku ya 30 kwa kuwa ilikuwa inashusha damu, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Septrini ndiyo inayomzuia toksoplazma, kidudu tunachokipata kwa nyama isiyoiva au kinyesi cha paka na kinachobaki kimelala ndani yetu.

Kwa hili madaktari wa Afrika Mashariki wana mtaji ambao wenzao wengi wa Ulaya hawana. Aliyefanya kazi kwenye wodi za UKIMWI kabla dawa hazijaenea ameona toksoplazma ya ubongo, ameona kifua kikuu kilichopanda kichwani, na ameona homa ya uti wa mgongo ya fangasi ikija bila shingo ngumu. Amekwisha kujifunza kutoamini ukimya. Tofauti ni kwamba fangasi anayetisha zaidi baada ya upandikizaji ni ukungu wa Aspergillus, ambao huingia kwa pumzi, hushika mapafu, kisha husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kuitoboa mishipa. Ndiyo maana mgonjwa mwenye dalili za kichwa hupigwa pia picha ya kifua. Mara nyingi jibu la ubongo liko kwenye pafu, mahali ambapo ni rahisi zaidi kuchukua kipande cha kupima.

Damu kuvuja kichwani ni jambo la kulisema kwa ufupi kwa sababu kulitambua ni kwepesi: chembe sahani ziko chini, kichwa kinauma ghafla au upande mmoja umelegea, CT ndani ya saa moja. Asiyekuwa na CT karibu hapaswi kufanya upandikizaji wa aina hii, basi.

Kuna wakati ambapo tarehe, karatasi na ndugu wote wametoa walichonacho na jibu halijapatikana. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari ya mvulana Mmarekani wa miaka 14 aliyezaliwa bila kinga kamili na aliyekuwa amepandikizwa uboho mara mbili. Kwa miezi minne alirudi hospitali mara tatu na homa na maumivu ya kichwa, mpaka maji yakajaa kwenye ubongo na degedege lisilokatika likawalazimu madaktari kumlaza usingizi wa dawa. Walipima kila walichokijua. Walichukua hata kipande cha ubongo. Hakuna kitu. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakachukua maji ya uti wa mgongo na kusoma vinasaba vyote vilivyomo, vya mtu na visivyo vya mtu, bila kuamua mapema wanamtafuta nani. Vipande zaidi ya milioni 3 vilisomwa. Vipande 475 vilikuwa vya leptospira, bakteria wa mkojo wa panya na maji machafu.

Vipimo vya kawaida vya leptospira vilikuwa vimesema hapana. Mvulana alipewa penisilini, dawa ya zamani na ya bei rahisi kuliko karibu kila kitu alichokuwa amepewa, na baada ya siku 32 alitoka hospitali akiwa karibu na hali yake ya awali. Baadaye vipimo vingine vilithibitisha. Tangu hapo njia hii imeenea katika vituo vikubwa, ingawa ni ghali na hurudisha pia takataka nyingi, bakteria wa ngozi na wa vichupa vya maabara, ambazo lazima mtu mwenye uzoefu aziondoe. Naiona kama kimbilio la mwisho lenye thamani kubwa. Isiwe kisingizio cha kutosoma karatasi ya dawa.

Baada ya siku ya 100 sura ya matatizo hubadilika. Seli za mfadhili zimekomaa, na sasa zinaweza kumgeukia mwenyeji: ngozi, ini, utumbo, macho. Je, zinaushambulia ubongo pia? Wapo wanaosema ndiyo, na wamependekeza vigezo, lakini hili ni jina la kupewa mgonjwa baada ya kila kitu kingine kuondolewa, na mimi niko upande wa wanaosita. Kwenye misuli na neva za miguuni na mikononi jambo liko wazi zaidi, na hapo kuna fumbo zuri la kitabibu. Mgonjwa wa mwezi wa nane hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Huenda misuli yake inashambuliwa na seli za mfadhili. Huenda imeliwa na steroidi anazomeza kila siku kuzituliza seli hizohizo. Tiba ya la kwanza kwa kawaida ni kuongeza steroidi. Tiba ya la pili ni kuzipunguza. Kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, CK, huanza kutenganisha: mara nyingi hupanda misuli inaposhambuliwa, na hubaki pale pale inapokondeshwa na dawa. Ikibaki shaka, kipande cha msuli huchukuliwa na kutazamwa kwa hadubini.

Kwetu mada hii inakuja kwa mlango wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilitangaza kuwapandikiza uboho watoto wa selimundu. Watoto hawa huja na historia ya ubongo tayari, maana selimundu huleta kiharusi utotoni, na mishipa ya kichwa inaweza kuwa imeharibika muda mrefu kabla ya siku ya sifuri. Waliotangulia nchini Marekani katika miaka ya 1990 walijifunza hilo kwa uchungu, wakiona degedege na damu kuvuja kichwani, hasa kwa watoto waliowahi kupata kiharusi. Wakaweka masharti ambayo bado yanafuatwa: dawa ya kuzuia degedege itangulie, shinikizo la damu lidhibitiwe bila mzaha, magnesiamu ipimwe mara kwa mara, na chembe sahani zisiachwe kushuka chini ya 50,000. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine ya mabilioni.

Mgonjwa akisharudi nyumbani, Kahama, Kisii au Bujumbura, siku mbaya inaweza kumkuta kwenye zahanati ambayo haijawahi kumwona mtu aliyepandikizwa. Basi wewe unayemuuguza, uwe na daftari. Andika tarehe ya siku ya sifuri, jina la kila dawa na kipimo chake, dawa iliyosimamishwa na lini, na simu ya wodi iliyompandikiza. Ukiona amebadilika, andika saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima, na kitu alichokifanya au kukisema ambacho si cha kawaida yake, kwa maneno yako, bila kukipamba. Mkabidhi daktari wa zamu daftari hilo hata kama hajaliomba.